Nyumba Iliyonyamaza kwa Ajili ya Moyo Wangu

Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika haya. Nilifika kidato cha pili tu, tena kwa kusukumwa na marehemu mama, na mambo ya moyo wapo waliosoma wakayajua. Lakini nesi wa kliniki aliniomba. Alisema mtu akitoka kupasuliwa hupewa karatasi ya dawa na karatasi ya chakula, na hakuna anayemwambia siku zile za nyumbani zinakuwaje. "Wewe Bi Rukia unapenda kuandika andika, basi watolee wenzio kidogo." Nimelifungua daftari langu nikakuta mengi ni kulia na mengine hata mwenyewe siyasomi. Ninayoweka hapa ni yale ninayodhani yatamfaa mtu. Nitajitahidi nisimwonee yeyote, maana wote waliokuwamo walinitakia heri.

Nianze na nyumba, kwa sababu bila ya kuijua nyumba hutaelewa kilichonisibu. Tunakaa Sokomuhogo, nyumba ya ghorofa waliyoirithi mume wangu Haji na dada yake Zeyana. Juu tunakaa mimi na Haji. Chini anakaa wifi Zeyana, ambaye mumewe alifariki zamani. Uwa wa nyuma na jiko ni vyetu sote. Mimi asili yangu Chwaka. Niliolewa mjini nikiwa msichana, na tangu siku niliyoteremsha sanduku langu mlangoni, Zeyana ananiita Shamba. Si Rukia, si wifi. Shamba. "Shamba, maji yanachemka, au unangoja yaote magamba?" "Shamba, hiyo pilau au uji?" Nami simwachii. Humwambia, wewe umezaliwa mjini lakini hata samaki changu humtambui mpaka uambiwe jina lake. Mtu asiyetujua akipita chini ya dirisha atadhani tutavutana mashungi. Haji alishazoea; tukianza, yeye huongeza sauti ya redio.

Hiyo ndiyo ilikuwa kelele ya nyumba yetu. Pamoja na mchi wa Zeyana, kwa sababu anatwanga bizari ya kuuza kila asubuhi. Pamoja na wajukuu wangu wawili, wakiletwa na binti yangu Sabra kutoka Kiembe Samaki. Na muuza kahawa anayepita kwenye uchochoro wetu akigonganisha vikombe vyake. Mimi nikipika mkate wa kumimina, wa oda za arusi na za khitma. Sikuwahi kuifikiria kelele ile. Nani anafikiria kelele ya nyumba yake?

Ugonjwa ulikuja polepole, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu kwa kutouona, hata mimi sikuuona. Nilianza kutweta ngazini. Miguu ikawa inajaa jioni, viatu vinanibana. Kisha nikawa siwezi kulala mpaka niegemee mito mitatu. Nilisema ni utu uzima. Wakati wa kaskazi, joto lile la kukaba, nilianguka ngazini nikiwa na ndoo ya maji mkononi. Hospitali ya hapa wakanipima, wakanihamishia Dar es Salaam, na kule wakanifungua kifua wakaniwekea mlango mpya ndani ya moyo, wa madini. Daktari aliyenipasua alinieleza mapema. "Utausikia, mama. Mlango huo utalia kama saa. Ni kawaida." Nikacheka. Nilidhani ananifanyia mzaha ili nisiogope.

Ya wodini sitayarefusha. Nakumbuka mto niliopewa niukumbatie kila ninapotaka kukohoa, na namna nilivyoukumbatia kama mtoto. Nakumbuka ukumbi wa kungojea vipimo, viti vya chuma vilivyo baridi, na mama mmoja nisiyemjua aliyevua mtandio wake akautandika ili nikae. Hatukuambizana majina. Nimemwombea mara nyingi kuliko watu ninaowajua.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alikaa na Haji, na Zeyana aliyekuja kunichukua, akawaambia: apumzike, asinyanyue kizito, na asiwe na mawazo mengi. Hayo tu. Nilikuwepo, niliyasikia. Nayasema haya ili isije ikadhaniwa hospitali ndiyo iliyoyataka yaliyofuata.

Haji alisikia "asiwe na mawazo" akaelewa "asisikie kitu". Niliporudi, masika yameanza, nyumba ilikuwa imenyamaza kama chumba cha maiti, Mungu anisamehe. Redio imehamishiwa dukani kwake. Kile chuma cha kugongea mlango kimevishwa kitambaa, ukigonga kinatoa sauti kama mtu anapiga godoro. Wajukuu hawaletwi, wasije wakanirukia kifuani. Zeyana alikuwa anachukua kinu chake kila asubuhi anakwenda kutwanga bizari kwa jirani, mtaa wa pili. Hata muuza kahawa aliambiwa. Nilimwona siku moja kutoka dirishani: akifika mlangoni petu anavibana vikombe kwa kiganja, ananyata, akishapita pembe ndipo anaviachia. Mtu mzima, na ndevu zake, ananyata kwa ajili yangu.

Na hapo ndipo nilipousikia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, wamenilaza nipumzike, hakuna anayetia mguu ngazini. Nikasikia tk, tk, tk. Nikadhani ni saa ya Haji. Nikaitafuta juu ya meza, nikaitafuta chini ya mto. Kisha nikafunga mdomo, mlio ukapungua. Nikaufungua, ukazidi. Alaa, kumbe ni mimi.

Asiyekuwa nao atasema si kitu. Labda ni kweli si kitu, na labda mimi ni mwoga kuliko wengine. Lakini jaribu kulala huku unahesabiwa. Kila ukichelewa kidogo unasubiri: utakuja au hautakuja? Ukija kwa haraka unajiuliza unakimbilia wapi. Nikawa sikai kwa lolote ila kuusikiliza. Nikiswali, kwenye kiti maana sijda ilikuwa bado, nausikia katikati ya Fatiha mpaka nasahau rakaa. Na kila nilipozidi kunyong'onyea, wao walizidi kunyamaza, na kila walipozidi kunyamaza nikausikia zaidi. Ndivyo tulivyokuwa, kila mtu kwa nia njema.

Mwili nao ulikuwa si wangu. Kovu lilinishuka kutoka kooni mpaka chini ya matiti, likiwasha mvua inaponyesha. Nywele zilitoka kwa wingi kwenye kitana. Chakula chote kilikuwa na ladha ya kijiko. Na machozi! Sabra alinimenyea chungwa siku moja, akaondoa na ule utando mweupe, nikalia nisiweze kujieleza. "Mama, unaumwa wapi?" "Siumwi." "Sasa unalia nini?" "Chungwa." Maskini mwanangu, aliliangalia lile chungwa kama lina kosa. Baadaye nesi aliniambia kulia huko huwapata wengi waliopasuliwa moyo, na kwa wengi hupungua. Ningeambiwa mapema nisingejiona mwendawazimu.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa adabu ya Zeyana.

Asubuhi ya kwanza alipanda na uji. Akauweka. Akasema, "Bi Rukia, utapenda nikuongezee sukari?"

Bi Rukia! Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hatanii. Amekunja mikono mbele kama yuko kwa wakwe.

Nikamjaribu. "Uji wenyewe umefanya mabonge. Hata wali wa ngisi haungekuwa na mabonge hivi."

"Nisamehe," akasema, "ntaupika mwengine." Akauchukua akashuka.

Nilibaki nimeshika ukingo wa kitanda. Mtu ambaye hajawahi kuniomba samahani tangu siku ya harusi yangu. Nikajiambia, basi. Daktari kamwambia kitu. Nitakufa, na wote wanajua isipokuwa mimi.

Nataka niwe mkweli: sikuwa na ushahidi wowote. Lakini kila kitu kiligeuka ushahidi. Wageni walikuja kunitazama kama ilivyo desturi, wakakaa ukingoni mwa mkeka wakinong'ona. Jamaa yetu mmoja wa Mbweni akanishika mkono akasema, "Utapona, inshallah," na jicho lake halikunitazama. Pengine lilikuwa linamtazama paka. Sijui. Mimi nilichukulia kwamba linakwepa.

Masika yalipokaribia kwisha, daktari akaniruhusu kazi nyepesi. Nikasema nitapika mkate wa kumimina, mmoja, wa nyumbani. Niliusubiri mkate ule kama ninavyosubiri Idi. Mchele nimeuroweka usiku, Sabra kanisagia kwa mashine, tui nimelikamua mwenyewe kidogo kidogo. Zeyana alikuwa amelipanga upya jiko lote wakati mimi niko Dar, makopo yamehama, lakini niliyakuta nikachota. Nikaacha unga uumuke. Haukuumuka sana. Nikajisemea ni baridi ya mvua. Nikaumimina, nikapalia makaa juu ya kifuniko, nikakaa karibu na jiko langu na moto wangu, na kwa muda ule nilikuwa mtu.

Ulitoka umelala kama kigae. Haji akakata kipande akala na chai. Akakata cha pili. "Mashallah," akasema.

Zeyana akala chake taratibu. "Umeweza, Bi Rukia. Mikono yako bado ipo."

Nikaonja. "Hamuoni kama una chumvi?"

Wakatazamana. "Ni mdomo wako huo," Haji akasema. "Si unasema kila kitu kina ladha ya kijiko? Dawa hizo."

Nikaamini. Mimi ni mtu wa kujitilia shaka, mtu akiniambia kosa ni langu nachukua. Lakini walipoondoka, nilirudi jikoni nikafungua lile kopo nililochota nikidhani ni sukari, nikachovya kidole, nikaweka ulimini. Chumvi. Chumvi tupu, vikombe viwili vizima, ndani ya mkate. Na mume wangu alikula vipande viwili akasema mashallah.

Najua anayesoma atacheka. Mimi pia nacheka sasa. Siku ile nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikaona dunia imenifunga mlango. Maana nilifikiri hivi: Zeyana, ambaye aliwahi kuurudisha mkate wangu mbele ya wageni kwa sababu iliki imezidi, leo amekula chumvi akasifu. Watu hawa wakiweza kunidanganya juu ya mkate ulioko mdomoni mwangu, watashindwa nini kunidanganya juu ya moyo? Haji akiniambia "daktari anasema unaendelea vizuri", nimwamini vipi? Tangu siku ile nikaacha kula vizuri. Dawa nilikunywa, hilo nashukuru. Lakini nilikuwa nazinywa kama mtu anayekamilisha taratibu.

Kipupwe kiliingia. Siku ya kupimwa damu kliniki, maana wenye mlango huu hupimwa kila mara, Zeyana alinisindikiza kama kawaida. Siku zote alinifikisha, akakaa nje kwenye benchi, hakuwahi hata mara moja kuingia kwa daktari. Hilo nalo nililiweka kwenye ushahidi wangu.

Tulikaa kungojea. Benchi ile wengi tunajuana kwa sura. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Makunduchi, kofia yake safi, fimbo kati ya magoti. Nikamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe una saa?"

"Saa?"

Akajigonga kifuani. Kisha akafungua mdomo, wazi kabisa, akaniinamia. Na mimi, katikati ya watu, nikausikia: tk, tk, tk. Nikafungua wangu. Tukakaa vile, watu wazima wawili, midomo wazi kama samaki sokoni, tunasikilizana. Yule mzee akaanza kucheka, kucheka kukamkata pumzi, akakohoa, akajikumbatia kifua.

"Wako unakimbia kidogo kuliko wangu," akasema. Alizungumza Kimakunduchi, naandika kwa namna ya huku mjini.

"Mzee, unalala vipi na kitu hiki?"

"Kitu gani? Mimi siusikii. Tangu vuli siusikii, mpaka nije huku mlikonyamaza mkingoja daktari. Kwangu nitausikia wapi? Kuna wajukuu, kuna kuku, kuna mke wangu na mdomo wake. Jana kanitukana tangu alfajiri kwa sababu nimekalia ukili wake wa kushonea mkeka."

"Anakutukana? Na moyo wako?"

"Akininyamazia ndiyo nitakufa," akasema, na jina lake likaitwa, akanyanyuka.

Nikamgeukia Zeyana. Alikuwa anatazama sakafu.

"Zeyana," nikamwambia, "mkate ulikuwa na chumvi."

Akavuta ncha ya buibui lake.

"Zeyana."

"Ulikuwa kama maji ya pwani," akasema kwa sauti ndogo. "Nlikunywa maji mtungi mzima."

"Kwa nini hukusema?"

"Nesi alisema usiwe na mawazo."

"Basi mnanificha nini chengine? Niambie leo. Kama nakufa niambie, nijipange."

Alinyanyua uso kwa mshtuko. "Nani anakufa? Nani kasema? Usitamke maneno hayo!" Kisha akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona Zeyana akilia, hata siku ya kumzika mumewe alikuwa anapanga vikombe. "Mie sijui daktari anasema nini," akasema. "Mie siingii humo. Nnaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ataniambia mimi ndo niliyekuangusha."

Sikuelewa. Akanikumbusha. Asubuhi ile ya kaskazi, nilipopanda na ndoo, alikuwa chini ananipigia kelele. Nilisimama katikati ya ngazi nivute pumzi, naye akasema: mvivu wewe, ngazi saba tu unatweta kama umekuja kwa miguu kutoka Chwaka. Nikamjibu kitu kibaya, sitakiandika. Akanijibu kibaya zaidi. Na katikati ya neno lake nikaanguka.

Wallahi nilikuwa nimesahau. Nakumbuka ndoo, nakumbuka maji yakinitangulia kushuka. Maneno yake sikuyakumbuka, kwangu yalikuwa maneno ya kila siku. Lakini yeye alikuwa anaishi nayo. Alipokuwa anasema Bi Rukia alikuwa ananichunga na ulimi wake. Nami nimekaa juu nadhani ananiaga.

Jina langu likaitwa. Nikamshika mkono. "Ingia."

"Siingii."

"Zeyana, mimi siruhusiwi kuvuta kitu kizito, usinifanye nikuvute."

Akaingia. Daktari ni msichana mdogo, ana subira. Nikamwambia, mueleze wifi yangu moyo wangu uliharibiwa na nini. Akaniuliza mimi kwanza: mama, ulipokuwa mtoto ulikuwa ukiumwa koo, kisha magoti yakavimba? Nikasema ndiyo, Chwaka, nilikosa skuli muda mrefu, mama akinikanda kwa maji ya moto. Akasema mlango wa moyo ulianza kuharibika tangu hapo, na ukaendelea kidogo kidogo bila ya mimi kujua. "Siku ile ulikuwa umeshachoka kabisa. Ungeanguka hata kama watu wanakuimbia."

Zeyana akajikohoza. "Na mtu akimtukana?"

"Akimtukana vipi?"

"Akimwambia mvivu. Na mengine."

"Mama," daktari akasema, "maneno ya kuumiza si mazuri kwa mtu yeyote. Lakini mlango ule haukuvunjwa na maneno. Ile ndoo ya maji ilikuwa mbaya zaidi."

Nikamuuliza kama ndani ya nyumba watu wanaweza kuzungumza, kutwanga, kusikiliza redio, kugombana. Akacheka. "Mnagombana kweli au mchezo?"

"Mchezo," nikasema.

"Kweli," akasema Zeyana, pamoja na mimi.

Akasema tusinyimane usingizi na tusitiane hofu, mengine ni maisha, na maisha ndiyo niliyopasuliwa kwa ajili yake. Kisha akatazama matokeo ya damu yangu akasema yako sawa. Zeyana alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake, na mimi nikayaamini kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Tulitoka. Tukapita dirisha la dawa, tukapita benchi. Nje ya geti Zeyana akasimama, akatengeneza buibui lake, akatazama barabara.

"Yaani," akasema.

"Nini?"

"Miezi yote hii nnaomba toba. Nnatwanga bizari nyumba za watu, mabega yananitoka. Nnakupikia supu, nnakwambia Bi Rukia, Bi Rukia, ulimi umeniota sugu. Kumbe moyo mbovu umekuja nao mwenyewe kutoka Chwaka, umeuficha sandukuni, ukatuletea mjini." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Shamba we."

Nikaanza kulia pale barabarani. Akaogopa, akanishika bega. "Nini tena? Wapi panauma?"

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo la mwisho."

Akanitazama, machozi yake mwenyewe bado yako shavuni. "Shamba," akasema. "Shamba, Shamba, Shamba. Na mkate wako hata kunguru aliutema."

Sitaki kumpa mtu picha ya uongo. Sikupona siku ile. Mlio upo, utakuwepo mpaka mwisho wangu, na damu napimwa mpaka leo. Kuna siku bado nalia bila ya sababu. Haji alichukua muda mrefu kurudi alivyokuwa zamani. Redio aliirudisha, lakini hata sasa tukianza kugombana anaipunguza badala ya kuiongeza, anasikiliza kama sisi tunatania au la. Simlaumu. Yeye ndiye aliyenibeba kutoka ngazini. Na vile vipande viwili vya chumvi, nimefika mahali nikaona kwamba simjui mwanamume mwengine ambaye angevila.

Wala simwambii mtu aende akampigie mgonjwa wake kelele. Wapo wanaotaka kimya, na daktari wa kila mtu ni wake. Ninalosema ni dogo: mkitaka kumnyamazia mgonjwa, kwanza muulizeni. Ingieni naye kwa daktari, msikae kwenye benchi. Na kama kuna neno linalokukaba tangu siku aliyoanguka, litoe, maana yeye pengine hata halikumbuki, na kimya chako anakitafsiri vyengine. Mimi nilitafsiri kaburi.

Kitambaa kwenye chuma cha mlango nilikivua mwenyewe. Wajukuu wanaletwa, wameambiwa kuna saa ndani ya bibi, wanapanga foleni kuisikiliza. Muuza kahawa alipoona tumefungua madirisha alisimama pale chini akatazama juu, kama anaomba ruhusa. Nikamwashiria kwa mkono. Akaviachia vikombe.

Leo nimekaa juu karibu na dirisha naandika, na mkate nimeuacha motoni jikoni. Chini Zeyana anatwanga, na ana ugomvi na mtu kwenye simu juu ya bei ya bizari. Nimeanza ukurasa huu tangu baada ya chai, na sasa ndiyo nimekumbuka kwamba sijausikia moyo wangu hata mara moja. Nimefungua mdomo niutafute, haukusikika, kwa ajili ya mchi.

"Shamba!"

"Naam!"

"Huo mkate unaungua, au ndo mapishi ya kwenu?"

Hauungui. Namjua, anataka kuufunua achungulie kabla ya wakati. Nashuka, taratibu, mkono ukutani, nikamwambie.